Bahari Inapanda, na Sisi wa Nyanda za Juu Tunahusika

Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800: unashuka Kitonga, unapita Mikumi, ndipo joto la Pwani linakupokea. Kwa umbali huo na mwinuko huo, kuongezeka kwa kina cha bahari huchukuliwa huku kwetu kama habari ya nchi nyingine. Kwenye vikao vya ukoo, kwenye magari, kwenye jumuiya za kanisani, mabadiliko ya tabianchi yakitajwa tunazungumza mvua iliyochelewa, mbolea iliyopanda bei, viazi vilivyoozea shambani. Ni mambo mazito na sisemi yaachwe. Lakini bahari ikitajwa, jibu huwa moja: hayo ya watu wa Pwani.

Sikubaliani na jibu hilo, na sababu yangu ni mto.

Chukua mvua inayonyesha milima ya Uporoto, hapo juu ya Mbeya. Ile inayoshukia Kiwira inaingia Ziwa Nyasa, inatokea Mto Shire kule Malawi, inajiunga na Zambezi na kumwagika baharini Msumbiji. Ile inayoshukia Songwe ya magharibi (si Songwe ya mpakani) inaishia Ziwa Rukwa, ambalo halina pa kutokea. Na ile ya upande wa mashariki na kaskazini inaingia Usangu. Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera inayotoka upande wa Iringa, na Ruaha Mkuu wenyewe unaoanzia Kipengere, yote inakutana bondeni, inatulia kwenye majimaji ya Ihefu, inatoka kwenye mwamba wa Ng'iriama na kukatiza Hifadhi ya Ruaha. Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini nao unajiunga. Halafu bwawa la Mtera, halafu bwawa la Kidatu, halafu Rufiji, halafu Bahari ya Hindi.

Mimi nimekulia Igurusi, wilayani Mbarali, kwenye mpunga. Maji ya mfereji tuliyoyachezea utotoni yalikuwa safarini kwenda baharini, na hatukuambiwa shuleni wala nyumbani. Tuliambiwa yanakwenda kwa jirani wa chini, basi.

Wanaojua hesabu za bonde la Rufiji husema Ruaha Mkuu unaleta asilimia 15 hivi ya maji yote ya mto huo, na Kilombero unaleta zaidi ya asilimia 60. Mtu wa Mbarali anaweza kushika hiyo 15 akasema mchango wetu ni mdogo. Sasa aulize Kilombero inayapata wapi maji yake. Ruhudji inatoka Njombe. Mnyera inakusanya maji ya Njombe na Mufindi. Kihansi, ile iliyojengewa bwawa la umeme na ambayo chura wake wadogo wa maporomoko walitangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini, inaporomoka kutoka Mufindi. Ukiweka Ruaha na Kilombero pamoja, unakuta Rufiji kwa sehemu kubwa ni maji ya nyanda zetu, yaliyoteremka kuwatafuta watu ambao hatuwajui.

Watu hao wanaishi kwenye delta. Rufiji ikikaribia bahari, ng'ambo ya kisiwa cha Mafia, inagawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo imesimama mikoko. Ilipopimwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Wenyewe wanaitaja kwa majina: mchu, mkandaa, mlilana, msinzi, mkomafi. Humo ndimo kamba wanakulia kabla ya kwenda baharini, na mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani ya mikoko kuna vijiji, mashamba ya mpunga, misikiti, shule. Kuna mdogo wangu pia, aliyeolewa huko.

Kabla ya kueleza nilichokiona kwake, niseme bahari inapandaje, maana wapo wanaodhani ni mvua nyingi tu.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni joto. Bahari imebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililobakizwa duniani na hewa ya ukaa na gesi nyingine, na maji yakipata joto hutanuka. Ya pili ni barafu ya nchi kavu: ya milimani, na yale mabamba makubwa ya Greenland na Antaktika. Ile inayoelea baharini ikiyeyuka haiongezi maji kwa kiasi cha kutajwa. Ya nchi kavu ndiyo inayoongeza. Ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa inasema kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda wastani wa sentimita 20 duniani. Linalonitia hofu zaidi ni mwendo wake. Hadi mwaka 1971 ilikuwa ikipanda milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ikawa milimita 3.7. Kufikia mwaka 2100, dunia ikipunguza moshi haraka sana, inakadiriwa kupanda sentimita 28 hadi 55 kutoka ilipokuwa mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii. Ikiendelea kuchoma mafuta na makaa ya mawe bila kujizuia, sentimita 63 hadi mita 1 na kidogo.

Kwa mtu aliyezoea milima sentimita 20 ni kitu cha kuruka. Delta haina milima. Pale ambapo ardhi inainuka kidogo mno kwa kila kilomita, maji yakipanda kidogo kwenda juu yanasafiri mbali sana kwenda ndani. Tena bahari haiji yenyewe. Inapandia mgongoni mwa bamvua, wakati mwezi umepevuka au unaandama, na mgongoni mwa dhoruba. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, kikakuta wilaya za delta, Rufiji na Kibiti, tayari zimelowa kwa mafuriko ya masika, watu wa huko walipigwa pande zote mbili ndani ya wiki chache.

Visiwa navyo vinatoa ushahidi. Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa walipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Mpango wa taifa wa mwaka 2007 wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi ulikitaja pamoja na Fungu la Nyani la Rufiji. Sisemi bahari kupanda ndiko pekee kulikokizamisha Maziwe, kwa sababu kukatwa kwa miti na kuhama kwa mchanga vinatajwa pia. Ndivyo ilivyo kila mahali kwenye habari hizi. Bahari inapanda, halafu inakuta tumeshaifungulia mlango.

Nilikwenda Kibiti mdogo wangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Tulipandia boti Nyamisati, tukaingia kwenye vijito vya mikoko, na kwa mtu wa Igurusi ilikuwa ajabu kuona mto unatiririka kurudi ulikotoka. Maji yakijaa, mkondo unageuka. Mdogo wangu alikuwa ameshajifunza maisha ya saa za bahari. Maji ya kunywa na kupikia wanachota maji yakipwa, mto ukiwa umepata nafasi ya kuteremka. Ukichelewa ukaenda yakijaa, unachota chumvi. Mwisho wa kiangazi hata ya kupwa yanakuwa na ladha, na mtu mwenye mtumbwi anakwenda juu ya mto na madumu. Uji wake wa uzazi ulipikwa kwa maji hayo yenye ladha, naye aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei ya unga. Sauti hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Baba mkwe wake alinikaribisha barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Huko kwenu Mbeya mvua zimenyeshaje?"

Nikadhani ni maongezi ya kumkaribisha mgeni. Nikamjibu kwamba mwaka huu zimechelewa, lakini zimekuja. Akauliza: Usangu je? Na Iringa? Akataka kujua kama Mtera imejaa. Mzee ambaye hajawahi kufika hata Mikumi alikuwa akiniuliza mabonde yetu moja moja.

"Sisi tunawasikilizia ninyi," akasema. "Mkipata nyingi, tunahamisha vyombo juu, dunguni. Mkikosa, tunajiandaa na chumvi."

Jioni alinipeleka kuona majaruba. Mawili ya upande wa kijito yalikuwa na weupe juu ya udongo, kama ukoko, na mpunga uliobaki ulikuwa mfupi na mwekundu kwenye ncha za majani. Mpunga unaumizwa sana na chumvi ukiwa mche na unapochanua, na hapo chumvi ilikuwa imeingia wakati wa kuchanua. Mzee hakutaja mabadiliko ya tabianchi hata mara moja. Alinionyesha mstari wa mikandaa na kusema maji ya bamvua yalikuwa na mpaka wake, yalifika hapo yakarudi, na sasa yanavuka. Nikamuuliza watafanyaje. Akasema kijana wake mmoja ameshahamia Mbagala, mwingine anafikiria. Yeye hahami, kwa sababu makaburi ya wazee wake yako hapo.

Siku zilizofuata nilianza kuelewa kwa nini alianza na mvua za Mbeya.

Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi. Mto unapokutana na bahari, maji ya chumvi yanajipenyeza chini na ya mto yanapita juu. Mto ukiwa na nguvu, unayasukuma yasiingie ndani. Mto ukidhoofu, yanapanda juu ya mto, yanaingia vijito, yanaingia visima. Kwa hiyo mpaka wa chumvi unaamuliwa na wawili: bahari inayopanda kutoka chini, na mto unaoshuka kutoka juu. Kuhusu bahari, mkulima wa delta hana la kufanya, na mimi wa Mbeya sina la kufanya zaidi ya kupiga kelele. Kuhusu mto, mimi nina la kufanya na yeye hana.

Halafu kuna tope. Mikoko haikai tu kusubiri kuzama. Mizizi yake hunasa tope, ardhi chini yake inainuka kidogo kidogo, na tope likija la kutosha msitu unaweza kupanda pamoja na bahari. Tope hilo ni udongo wa bara ulioletwa na mafuriko, kwa maelfu ya miaka. Delta yenyewe imejengwa kwa udongo huo. Mikoko ikikosa tope, au ikikatwa ili kupata nafasi ya mpunga, kijiji kilichoko nyuma yake kinabaki wazi.

Hapa ndipo linapoingia Bwawa la Julius Nyerere. Nalitaja kwa heshima, kwa sababu najua giza la mgao wa umeme, na megawati 2,115 ni jambo kubwa kwa nchi hii. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mashine ya kwanza ikaanza kuzalisha mapema mwaka 2024. Bwawa linaweza kuachia maji kiangazi, wakati zamani mto ulikuwa umekonda, na hilo laweza kuwasaidia watu wa delta dhidi ya chumvi. Lakini bwawa lolote hunasa tope. Udongo unaoshuka kutoka milimani unatulia chini ya maji ya bwawa, haufiki kwenye mikoko. Na mwaka wa ukame, maji yaliyomo yatagombewa na mashine, mashamba na delta, na sijawahi kuona delta ikishinda ugomvi wa namna hiyo. Kwa hiyo kiasi cha maji yanayoingia bwawani kutoka kwetu kimekuwa na maana zaidi kuliko zamani. Na udongo tunaouachia uteremke kwenye miteremko iliyolimwa wima hausaidii tena yeyote: shamba limeupoteza, bwawa linajaa, delta haiupati.

Sasa nirudi Usangu, maana hapo ndipo ninapopajua.

Tangu kiangazi cha mwaka 1993, Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya hifadhi, viboko wakabanana kwenye vidimbwi, na hali hiyo imekuwa ikijirudia. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watu waliumia kwenye hayo. Wengine walitembea na mifugo hadi Lindi. Na mto uliendelea kukauka, kwa sababu ng'ombe hawakuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni mabanio, yale malango ya kuchepushia maji ya mto kwenda mferejini.

Naomba nieleweke na ndugu zangu wa Mbarali. Mchele wa Mbeya ndio uliotusomesha. Mashamba ya Mbarali, Kapunga na Madibira yanalisha nchi, Pwani ikiwemo, na yule mzee wa Kibiti mpunga wake ukiungua ananunua mchele wetu. Sipingi umwagiliaji. Ninachopinga ni maji kubaki mferejini kiangazi kizima, usiku na mchana, wakati mpunga umeshavunwa. Mabanio mengi hutakiwa kufungwa au kupunguzwa msimu huo. Ukipita unaona maji yanaingia kwenye mfereji wa udongo, yanavuja pembeni, yanatengeneza madimbwi kwenye majaruba yasiyo na kitu, yanakaushwa na jua. Watu wana sababu zao: maji ya kufyatulia tofali, ya kunywesha mifugo, ya kufulia. Mahitaji hayo ni ya kweli. Kisima kimoja kizuri na birika la ng'ombe vingeyatimiza kwa sehemu ndogo sana ya maji hayo, na hapo ndipo halmashauri na serikali zinapodaiwa, si mkulima peke yake.

Huku juu pia tuna yetu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nenda Makete, nenda Njombe, nenda Mufindi, uone milingoti (mikaratusi) iliyopandwa hadi kwenye chemchemi. Miti inalipa, nguzo zina soko, na mwenye kijishamba hawezi kulaumiwa kwa kutaka ada ya mtoto. Lakini mlingoti unakunywa maji bila huruma, na bibi zetu wa vinyungu, bustani za mabondeni, walijua kijito gani kimekauka baada ya miti ya nani. Wangali wanasema, ukiwauliza.

Nilimweleza baba mdogo wangu wa Igurusi yote haya. Ana majaruba karibu na mfereji mkuu, na ni mtu anayesikilizwa kwenye jumuiya ya watumia maji. Alinisikiliza huku akinoa panga. Mwisho akaniuliza:

"Sasa mwanangu, nikifunga maji mimi, akafungua wa juu yangu, yatafika kwa shemeji zako?"

Ni swali la haki. Hakuna mkulima mmoja anayeweza kuokoa delta. Ndiyo maana kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, ndiyo maana kuna vibali na zamu. Lakini vibali na zamu vina maana mpimaji akiwepo, akipima kweli, akaheshimiwa na mwenye eka 2 na mwenye eka 2,000 sawasawa. Wenye mashamba makubwa wakionekana kupendelewa, wadogo hawatafunga kitu, na sitawalaumu.

Tulizungumza pia kilimo shadidi. Unapanda mche mchanga wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja badala ya mafungu, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba halikai limefurika wakati wote. Linalowa, linakauka kidogo, linaloweshwa tena. Maji yanayotumika ni pungufu sana, na shamba lililotunzwa vizuri hutoa mavuno mazuri kwa sababu mizizi inapata hewa na shina linachipua machipukizi mengi. Ugumu wake ni palizi. Maji yaliyotuama yanazuia magugu, ukiyaondoa magugu yanakuja, na mwenye kupalilia mara nyingi ni mama au dada wa nyumba hiyo. Anayekuja na habari za kuokoa maji bila mashine ya kupalilia anapeleka mzigo kwenye mgongo wa mwanamke. Baba mdogo alikubali kujaribu jaruba moja, kwa sharti kwamba palizi ilipwe kama kibarua. Baba mdogo ana busara.

Wapo wanaoniambia: mbona unahangaika na Kibiti, Kyela si yetu, nayo inazama? Ni kweli, kila Aprili Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinamwagika kwenye tambarare ya Kyela, na watu wa Matema wanajua ziwa linavyoweza kuja na kuondoka. Lakini tusichanganye. Ziwa Nyasa liko zaidi ya mita 470 juu ya bahari na halipandi kwa sababu ya bahari. Linapanda na kushuka kwa mvua, kwa jua linalolikausha, na kwa hali ya mlango wake wa Shire. Lilishuka mpaka mwaka 1915 likaacha kutoa maji Shire kwa miaka 20 hivi, halafu likapanda tena. Mwaka wa mvua mbaya ukipita, ziwa hurudi. Bahari inayopanda kwa joto la dunia haitarudi katika maisha ya wajukuu wetu, hata moshi ukikoma leo, kwa sababu joto lililoshuka vilindini linakaa huko karne nyingi. Mtu wa Kyela aliyewahi kuhamisha godoro juu ya paa usiku angemwelewa mzee wa Kibiti haraka kuliko mtu yeyote wa Mbeya mjini. Ningependa wakutane.

Nina hasira pia, na siifichi. Moshi uliotanua bahari hii haukutoka delta ya Rufiji. Nchi zilizotajirika kwa makaa na mafuta zina deni, na fedha zikija ni haki ya wale waliopoteza visima na majaruba, si sadaka. Kuta zilizojengwa Dar es Salaam kando ya Barabara ya Barack Obama na Kigamboni zilitokana na fedha za namna hiyo, na ni jambo jema. Lakini huwezi kuzungushia ukuta delta. Ukuta wake ni mikoko, tope na maji baridi, na vitu viwili kati ya hivyo vitatu vinatoka milimani kwetu.

Hata anayejali tumbo lake tu angalie. Mbolea, dizeli na bati vinavyoletwa Mbeya vinashushiwa bandari ya Dar es Salaam, usawa wa bahari. Vijana wa delta wanaohama wanaanzia Mbagala, na baada ya Mbagala watatafuta ardhi yenye maji, na ardhi yenye maji iko hapa. Sisemi hivyo kuwatisha wenyeji. Wakija wapokelewe. Ila wengi wao hawataki kuja. Wanataka kubaki kwao.

Kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji niliruhusiwa kusema, ingawa siku hizi ni mtu wa mjini. Niliomba jambo moja. Mikutano ya wadau wa bonde huwakutanisha wakulima, wafugaji, watu wa hifadhi na watu wa umeme. Nikaomba mkulima wa delta aletwe Igurusi, asimame mbele ya mabanio yetu, aeleze chumvi inafika wapi kwake na mwezi gani. Wengine waliona ni mbali mno, wengine wakauliza nani atamlipia. Mmoja akasema hata sisi hatutoshelezwi. Baba mdogo akasimama, akasema mgeni huyo afike kabla ya mwezi wa saba, kabla hatujaanza kugombania mabanio, na malazi yasiwe hoja kwa kuwa atafikia kwake. Nimeshampigia mdogo wangu simu. Baba mkwe wake amekubali kuja, na nauli tumeanza kuchanga.